Jinsi ya Kuandaa Siku ya Shukrani ya Ukoo Wakati wa Krismasi Uchagani: Mwongozo Kamili

Kila Desemba familia za Kichaga zilizotawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma, Nairobi na ng'ambo hurudi kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani yanayorithiwa katika ukoo, katika miteremko ya Kilimanjaro, na mzaha wa kwamba wanakwenda "kuhesabiwa" sasa unajulikana Tanzania nzima. Yanayofuata baada ya kufika yanajulikana pia. Watu husalimiana, huenda kanisani, hula na kupiga picha, kisha kikao cha ardhi, ada na madeni huanza, na ifikapo tarehe 2 Januari magari yameshashuka mlimani bila mtu hata mmoja kuambiwa asante kwa jambo mahususi alilolitenda. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia inayotaka kutenga siku moja ya kumshukuru Mungu, kushukuriana wenyewe kwa wenyewe, na kuwashukuru marafiki na majirani. Familia za Upare, Bukoba au Mbeya zinaweza kuufuata vilevile, zikibadilisha yale yanayohusu mila.

Hatua zote zinasimama juu ya kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba katika mambo yote ya ukoo shukrani itangulie, isipokuwa upatanisho peke yake, ambao lazima uitangulie shukrani. Ya pili ni kwamba shukrani itaje mtu na tendo lake, kwa sababu "nawashukuru wote kwa yote" ni kauli ambayo kila mmoja huisikia na hakuna anayejua kama imemhusu.

Hatua ya kwanza: kuchagua siku na mwenyeji (Oktoba hadi katikati ya Novemba)

Msiiweke siku hii tarehe 25. Siku ya Krismasi ina ibada yake, kila nyumba ina wageni wake, na akina mama wanakuwa jikoni tangu alfajiri. Tarehe 26 nayo ni sikukuu ya kitaifa, lakini huko milimani hujaa harusi, ubatizo na ziara za wakwe. Kwa kawaida tarehe 27 au 28 ndizo zinazofaa, kwa kuwa wote wameshafika na hakuna aliyeanza kufunga mizigo. Kabla ya kutangaza tarehe yoyote, mpigieni simu mzee wa ukoo kwanza, kwa sauti na si kwa ujumbe wa maandishi, mkamwombe ridhaa yake, kwa maana tarehe iliyoamuliwa na vijana mjini kisha ikapelekwa kwa mzee kama taarifa huzaa manung'uniko yatakayodumu hadi siku yenyewe.

Mwenyeji awe ndiye anayekaa nyumbani kwa wazazi, ambaye kwa desturi ya Wachaga mara nyingi ni kitinda mimba, hata kama ndugu yake mwingine amejenga nyumba kubwa zaidi jirani. Shukrani inayofanyika katika nyumba mpya ya ghorofa ilhali nyumba ya wazazi ipo hatua hamsini tu kutoka hapo huishia kuwa uzinduzi wa nyumba.

Kuhusu fedha, wekeni mchango mdogo ambao hata mwenye kipato cha chini ataweza kuutoa bila kukopa, na mteueni mweka hazina mmoja atakayeandika kila shilingi. Mwenye uwezo zaidi aongeze kimyakimya, kwa mfano kwa kununua mbuzi au magunia ya mchele, pasipo kiasi chake kusomwa hadharani. Kumbukeni kwamba Januari ina ada, sare na madaftari. Sherehe ya shukrani inayomfanya mtu ashindwe kumrudisha mtoto wake shuleni imekosewa tangu kwenye bajeti.

Hatua ya pili: daftari la shukrani wakati wa Majilio

Hii ndiyo hatua inayoonekana nyepesi kuliko zote, nayo ndiyo inayobeba siku nzima. Majilio ina Dominika nne kabla ya Krismasi, na kila moja itumike kukumbuka jambo moja: Dominika ya kwanza yale ambayo Mungu ameitendea familia katika mwaka huo, ya pili yale waliyotenda wazazi na ndugu, ya tatu yale waliyotenda marafiki, majirani na watu wa kazini, na ya nne wale waliotangulia mbele ya haki. Kila kaya iandike kwenye daftari la kawaida la shule, na watoto wanaojua kuandika waandike kwa mkono wao wenyewe.

Kinachoandikwa kiwe na vitu vitatu: nani, alifanya nini, na tendo hilo lilibadilisha nini. Tuchukue mfano. Sentensi inayosema "Tunamshukuru shemeji kwa upendo wake" haitoshi. Iandikwe hivi: "Shemeji, masika ya mwaka huu mfereji ulipofurika ukaingia hadi zizini, ulitoka usiku ukawahamisha ng'ombe wa mama peke yako, na asubuhi ukatupigia simu kutuambia mama yuko salama kabla hujatuambia lolote kuhusu mali. Siku hiyo tulikwenda kazini kwa amani." Anayesomewa maneno hayo anajua kwamba alionekana. Anajua pia kwamba walio mbali hawakulichukulia tendo lake kuwa wajibu wa yeyote aliyebaki nyumbani.

Tafuteni hasa majina yanayosahaulika. Yupo binti anayemsaidia bibi kuoga, yupo kijana anayekata majani ya ng'ombe, yupo mwenye bodaboda anayempeleka babu kliniki na kumsubiri hadi atibiwe bila kudai nauli ya ziada, na yupo muuguzi wa zahanati ya kijiji. Watu hawa hawamo katika mti wa ukoo, na kwa maoni yangu daftari lisilo na jina hata moja la mtu asiye wa damu halijakamilika.

Hatua ya tatu: safari

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, kupitia Chalinze, Segera, Korogwe na Same, na katika juma la Krismasi barabara hiyo hufurika magari. Kateni tiketi mapema, msisafiri usiku kwa gari binafsi lenye dereva mmoja, na mfike angalau siku mbili kabla ya siku ya shukrani. Zawadi za wazee zifungwe pamoja na daftari katika mzigo wa mkononi, si kwenye buti la basi.

Hatua ya nne: upatanisho kabla ya shukrani

Karibu kila ukoo una watu wawili wasiosalimiana, na mara nyingi chanzo ni mpaka wa kihamba, mkopo usiolipwa, au maneno yaliyotamkwa msibani. Kuwaketisha watu hao meza moja na kuwataka waimbe wimbo wa shukrani ni kuwafanya wanafiki mbele ya watoto wao. Kwa hiyo, siku moja au mbili kabla, mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili awaite faraghani.

Hapa mila ya Kichaga ina hazina ambayo haihitaji kubuniwa upya. Jani la isale, mmea uleule wa kijani unaopandwa kuwa mpaka wa vihamba, ndilo alama ya kuomba msamaha na amani. Mkosaji hulipeleka, yeye mwenyewe au kupitia mshenga, na kwa jadi aliyeletewa isale hawezi kulikataa kwa urahisi bila kuonekana kuwa yeye sasa ndiye mwenye kosa. Isale haifuti deni wala haihamishi mpaka. Inafungua mlango ili deni na mpaka vizungumzwe baadaye na watu wanaosalimiana. Mzee aliyewaita aseme hivyo waziwazi, vinginevyo mmoja atadhani amesamehewa deni na mwingine atadhani amepokonywa haki yake.

Kama mmoja wao hayuko tayari, msimlazimishe. Aalikwe kama wengine, akae mbali kidogo akitaka, na jambo lake lisiguswe siku hiyo, hata kwa mafumbo ya wimbo au ya sala.

Hatua ya tano: shukrani kanisani

Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1890, na Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, wakaanza kazi Machame mwaka 1893. Tangu hapo vijiji vingi vimekuwa na mwelekeo wa Kikatoliki au wa Kilutheri, lakini ndoa zimechanganya yote, hivyo ukoo mmoja leo una watu wa parokia, wa usharika na hata wa makanisa ya Kipentekoste. Msipige kura ya kuchagua kanisa moja. Kila tawi la ukoo likatoe shukrani katika kanisa lake, kisha wote wakutane nyumbani.

Kwa Wakatoliki, mwakilishi afike ofisi ya parokia mapema ili nia ya misa ya shukrani iandikwe, akiwa na jina la familia na maneno mafupi ya nia hiyo. Dominika iliyo ndani ya oktava ya Noeli, yaani siku nane zinazoanza na Krismasi, ni sikukuu ya Familia Takatifu, na siku hiyo inafaa sana kwa jambo hili. Mwaka ambao Krismasi yenyewe inaangukia Dominika, sikukuu hiyo huadhimishwa tarehe 30 Desemba. Ulizeni pia kama familia inaweza kubeba vipaji wakati wa matoleo, na mkiruhusiwa, wabebe watoto na wazee, kila mtoto akiwa ameshika mkono wa bibi au babu.

Kwa Walutheri, mzee wa kanisa au mwinjilisti ajulishwe kabla ili shukrani ya familia iingizwe kwenye utaratibu wa ibada. Pelekeni bahasha, lakini pelekeni pia mazao: mkungu wa ndizi, mayai, kuku, debe la mahindi, kahawa. Baada ya ibada mazao hayo hunadiwa nje ya kanisa, na mnada huo una mafundisho yake. Utamwona mtu akimnunua jogoo, akamrudisha kwa mnadi auzwe tena, akanunuliwa na mwingine, naye akamrudisha, na jogoo yuleyule akaingizia usharika fedha mara tatu huku watu wakicheka. Wapeni watoto waliokulia mjini noti ndogondogo washiriki, kwa sababu wataelewa sadaka hapo kuliko kwa maelezo ya saa nzima. Mkinunua, mpelekeeni mjane aliye jirani ile mikungu miwili mitatu mliyoipata, badala ya kuijaza kwenye gari.

Hatua ya sita: siku yenyewe nyumbani

Asubuhi na mapema familia iende makaburini. Wachaga wengi huwazika wapendwa wao kihambani, kwa hiyo safari hiyo ni ya dakika chache. Fagieni, ng'oeni magugu, someni majina, na kwa kila jina mtu mmoja aseme tendo moja alilolikumbuka katika ile Dominika ya nne. Sala iwe fupi. Kama ukoo wenu umegawanyika kati ya wanaotaka tambiko na wanaolikataa, jambo hilo liamuliwe na wazee siku zilizopita, lisibishaniwe mbele ya makaburi.

Mnyama achinjwe saa za asubuhi. Ikiwa mmewaalika Waislamu, mwombeni jirani Mwislamu aje achinje, kama inavyofanyika mahali pengi nchini, ili nyama iwe halali kwa wote. Mkiwa na kitimoto pia, kipikiwe mbali, kwa sufuria na visu vyake. Katika mila, sehemu za mnyama zina wenyewe, na mgao huo unaweza kutofautiana kutoka ukoo hadi ukoo, kwa hiyo mzee asimamie ugawaji na kuwaeleza vijana kwa nini kidari kimekwenda kwa huyu na mguu kwa yule. Mtori wa ndizi mshare uandaliwe kwa ajili ya wazee wasio na meno na akina mama waliojifungua karibuni, na machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, yawe ya wote. Mbege huhitaji siku kadhaa kuchachuka kabla ya kuchanganywa na ulezi, kwa hiyo mpikaji aambiwe mapema, na pawe na chai, maji na soda za kutosha ili wasiotumia pombe wasijione wageni.

Kabla ya chakula, si baada yake, ndipo shukrani zitolewe, maana watu wakishashiba na kunywa hawasikilizani. Anzeni kwa wimbo unaojulikana na wote. Someni kisa cha wakoma kumi katika Luka 17, ambapo mmoja tu alirudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria, au Zaburi ya 136, ambayo ina kiitikio katika kila mstari na hivyo hata watoto wadogo wanaweza kuitikia. Mshereheshaji awe mwanafamilia mwenye staha, wala pasiwe na muziki wa spika wakati huo.

Kisha madaftari yafunguliwe. Kila kaya ichague shukrani tatu tu za kusoma hadharani, na nyingine zifikishwe kwa wahusika faraghani. Anayesoma asimame, amtazame anayemshukuru, na amwite kwa jina la heshima lililozoeleka kati yao, iwe mjomba, shangazi, wifi au baba mkubwa. Anayeshukuriwa asilazimike kujibu kwa hotuba. "Aika", yaani asante kwa Kichaga, inatosha.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia nyingi hukosea. Mtu aliyetoka mjini na zawadi hupokewa kwa vigelegele, ilhali yule aliyembadilisha mama nguo usiku kwa miezi kumi na miwili yumo jikoni anaosha sufuria za wageni. Ugeni wa siku chache unashukuriwa na uangalizi wa mwaka mzima unachukuliwa kuwa jambo la kawaida. Rekebisheni hilo kwa vitendo. Siku hiyo anayemtunza mzazi asipike wala asitenge chakula. Aketi karibu na mzazi, na wale waliotoka mjini, wanaume kwa wanawake, wamhudumie. Ajulikane kuwa wa kwanza kushukuriwa. Zawadi yake isiwe khanga peke yake, bali pia kitu kinachopunguza mzigo wake: tangi la maji, jiko linalookoa kuni, ada ya mtoto wake wa muhula wa kwanza, au makubaliano ya maandishi kwamba ndugu watapokezana kuja kukaa na mzazi wiki mbili mbili ili naye apumzike. Katika hizo zote, mimi ningeweka makubaliano hayo juu kabisa, na tarehe za zamu zisomwe palepale pamoja na majina ya watakaoshika zamu.

Kama aliyebaki nyumbani ni mke wa mtoto wa mwisho, shukrani imfikie yeye mwenyewe, isipitie kwa mume wake. Wazazi wake nao, kama wako karibu, waalikwe wasikie binti yao anavyoheshimiwa.

Mzazi au mzee wa ukoo aseme mwisho, na atoe baraka. Msimwekee muda. Baada ya hapo chakula kitengwe.

Hatua ya saba: marafiki na majirani

Wenye damu wakishapata sehemu yao, alasiri iwe ya marafiki. Wanaokuja wasiwe watazamaji wa sherehe ya ukoo. Aliyeandikwa kwenye daftari aalikwe kwa jina na aambiwe kabla kwamba kuna neno la kumshukuru. Asiyeweza kuja apelekewe chakula chake kwenye chombo kizuri, na apelekewe na mtu mzima wa familia pamoja na mtoto, wala chakula hicho kisiwe masalia ya meza. Rafiki aliyefiwa mwaka huo atembelewe nyumbani kwake badala ya kualikwa kwenye shangwe.

Marafiki wa mjini, wale wa kazini na wa mtaani, wasisubiri mrudi. Wapigieni simu mkiwa hukohuko kijijini. Simu ya dakika mbili yenye kutaja tendo moja ina uzito kuliko picha ya maua iliyosambazwa kwa watu mia.

Hatua ya nane: walio mbali

Ndugu walioko ng'ambo wapangiwe muda wa kuonekana kwenye simu ya video, na saa 12 jioni ya Moshi inafaa wengi: London huwa ni saa 9 alasiri, New York saa 4 asubuhi, na Muscat saa 1 usiku. Simu ishikwe na mtu mmoja aliyeketi karibu na mzee, mahali penye mtandao mlipopapima siku iliyotangulia. Nao wasome shukrani zao kutoka kwenye daftari lao. Wasiulizwe habari za fedha siku hiyo.

Hatua ya tisa: kikao cha ukoo na kazi za Januari

Kikao cha mashamba, michango na ada kifanyike kesho yake. Kila jambo lililoahidiwa wakati wa shukrani liwekwe mwanzoni mwa ajenda, likiwa na jina la mhusika na tarehe, na zamu za kumtunza mzazi ziandikwe kwenye karatasi itakayobandikwa ukutani jikoni.

Kabla ya kushuka mlimani, mtu mmoja akabidhiwe kazi ya kusafisha picha chache kwenye karatasi na kuzipeleka kwa wazee, kwa kuwa picha zinazobaki kwenye simu za vijana haziwafikii. Mwishoni mwa Januari mweka hazina atume hesabu ya mapato na matumizi kwa kila kaya, ikiwa imesainiwa na yeye pamoja na mzee mmoja. Salio na madaftari yote vikabidhiwe kwa familia itakayoratibu mwaka unaofuata, na familia hiyo ianze kwa kumpigia simu yule anayemtunza mzazi na kumuuliza kama mwenye zamu ya kwanza amefika.